Mwinyijuma Alivyojiweka Amana Bomani

Mwinyijuma Kombo wa Kigombe alikuwa mchuuzi wa samaki, na kama wachuuzi wote wa samaki alijua kusema uongo juu ya kitu kimoja tu, yaani samaki. Changu wa juzi angemwapia mbele yako kwamba ametoka majini alfajiri, mpaka changu mwenyewe akatamani kufumba macho kwa haya. Katika mambo mengine yote ulimi wake ulikuwa mnyoofu kupita kiasi, na hilo ndilo lililomponza. Angalidanganya sawasawa katika yote, pengine angekuwa kibabu sasa, anasumbua wajukuu.

Kila asubuhi alifunga tenga nyuma ya baiskeli, akaendesha mpaka Tanga mjini, akauza mtaa wa Mabawa nyumba kwa nyumba. Huko ndiko alikojuana na Turki bin Hamed, mtoto wa ukoo wa Waarabu wa Oman, mzaliwa wa Tanga, ambaye alirithi minazi na kiburi. Minazi aliibadilisha kwa mashine ya kuchapia ya kuzungusha kwa mkono. Kiburi akabaki nacho. Ndugu zake walimsomea dua ya mtu aliyepagawa. Dua haikushika, na gazeti likaanza kutoka kila Alhamisi kwa jina la *Kengele ya Mwambao*, kurasa nne, wino wake hauachi vidole. Kule Mabawa mtu hakuweza kukana kwamba amelisoma. Ulimtazama mikono tu.

"Mwinyi," Turki alimwambia siku moja huku anachagua kibua, "mambo ya Kigombe unayasimulia vizuri. Kwa nini huyaandiki?"

"Nani atayataka?"

"Wanaoyafanya hawatayataka. Wengine wote watayataka."

Basi Mwinyijuma akawa mwandishi wa *Kengele* kule Kigombe. Ujira wake ulikuwa nakala moja, ambayo kwanza aliwasomea wavuvi ufukweni, kisha akafungia samaki. Ndiyo maana Mabawa mtu aliweza kufungua changu wake jikoni akakuta jina la shemeji yake.

Serikali nayo ilikuwa msomaji. Kwa sheria za wakati ule gazeti lilitaka kibali, na nakala ifike bomani kila linapotoka. Turki alisema hana msomaji mwaminifu kama serikali: haikosi toleo, hailipi, na inasoma mpaka tangazo la dawa ya chango. Ilikuwa inatafuta uchochezi. Nchi nzima ililindwa usiku na mchana dhidi ya kurasa nne.

Sasa njoo kwenye msiba. Mwaka wa hamsini na tano shamba moja la mkonge, jirani na Kigombe, lilizungushia waya njia ya kwenda makaburini, likatia geti. Jina la shamba naliacha, maana wenye mashamba wana mawakili. Meneja wake Mzungu, kwa ajili ya kiko chake, watu walimwita Bwana Tumbaku. Geti halikufunguliwa bila idhini yake, na baada ya chakula cha mchana Bwana Tumbaku hulala. Akafa Bi Semeni, mkunga aliyewapokea nusu ya watu wa Kigombe. Jeneza likafika getini mchana, jua la kupasua vichwa. Mlinzi akasema bwana kalala. Wakangoja. Mabega yalibadilishana jeneza mpaka likawekwa chini juu ya mkeka, jambo ambalo hakuna mzee aliyewahi kuliona.

Alhamisi ile *Kengele* ikatoka na kichwa: "Marehemu Angoja Bwana Aamke." Mwinyijuma aliandika hivi: "Bi Semeni alifika getini akiwa maiti, akaambiwa asubiri. Alisubiri kwa utulivu kuliko sisi sote. Tunamwombea Bwana Tumbaku naye akifa asikute malaika wamelala." Chini akaweka jina lake, la baba yake, na kijiji.

Turki alimsihi atumie jina la kubandika. "Jiite hata Pweza."

"Maneno yasiyo na mwenyewe ni umbeya, Sheikh Turki. Yakiwa na mwenyewe ni ushahidi. Mie si mbeya."

Tanga ilicheka wiki nzima. Kwenye mabaraza ya kahawa aliyejua kusoma alisoma, na wasiojua walimrekebisha, kwa kuwa walikwisha kuikariri. Geti likaachwa wazi. Kisha Haji, nyapara mkuu wa shamba lile, akamfuata Mwinyijuma ufukweni wakati samaki wanapangwa.

"Umetuchekesha, Mwinyi."

"Nashukuru."

"Bwana hakucheka."

"Pengine aliyemfasiria hana ladha."

"Nilimfasiria mimi." Haji akachagua changu, akamgeuza, akambonyeza shavu. "Anataka Alhamisi ijayo uandike kwamba ulisema uongo. Kwa jina lile lile."

"Nisipoandika?"

"Njia yako ina mkonge pande mbili, ndugu yangu. Mkonge hauna macho." Akaondoka na changu, na mkono ulioingia mfukoni kutafuta hela haukutoka tena.

Mwinyijuma hakuandika kwamba alisema uongo. Lakini tangu siku ile aliacha njia ya ndani ya shamba, akawa anapita ufukweni na wenzake, wanasukuma baiskeli mchangani kama punda waliokosa bahati. Samaki wakawa wanafika mjini na harufu ambayo hata yeye alishindwa kuiapia. Mkewe, Mwanasiti, alisema bora samaki waoze kuliko yeye. Turki akasema haifai mtu kuishi hivyo kwa neno la kweli. Serikali ipo, twende tukaiambie.

Wakaenda bomani. Mlangoni alikaa karani Tadeo, Mbondei, mtani wao.

"Mtani," Tadeo akasema, "leo umeleta samaki au umeleta harufu tu?"

"Nimeleta kichwa changu, kabla hakijaletwa na wengine."

Tadeo akaacha kucheka, akawapeleka ndani.

Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma, alikijua Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili safi kilichopigwa pasi, hakina hata mkunjo mmoja wa kumwonea mtu huruma. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Je, umepigwa?"

"Bado, Bwana."

"Basi hakuna kosa lililotendeka."

"Ndiyo maana nimewahi."

"Likitendeka, utakuja kutoa taarifa."

"Na nikiwa nimekufa?"

"Watakuja jamaa zako."

Turki akashindwa kuvumilia. "Bwana Shauri, gazeti langu likikosea neno, askari wako wanafika wino haujakauka. Naomba wawe wepesi hivyo hivyo kwa mtu anayeliandikia. Mlitupa kibali nyinyi. Kumbe kibali ni cha karatasi tu, mwandishi hamo?"

"Serikali haiwezi kumpa kila mchuuzi wa samaki askari."

"Si kila mchuuzi. Huyu."

"Ningekushauri uandike mambo yenye manufaa. Kilimo. Usafi wa vyoo."

"Vyoo tuliandika, Bwana. Mwezi wa Rajabu."

Hapo Mwinyijuma akasimama, akafanya jambo ambalo ni sisi watu wa pwani tu tungelifanya, tukaona tumemaliza kazi.

Amana kwetu haitaki karatasi. Unasafiri, unampelekea jirani mwanao, au mbuzi wako, au mkufu wa mkeo, unasema mbele ya shahidi, "Hii amana yako." Jirani asipotaka, anakataa pale pale, wala hamgombani. Asipokataa, kapokea. Kikipotea, yeye mwenyewe atakuja kwako kwa miguu yake, akae chini, aseme, "Amana yako imepotea mkononi mwangu." Mengine ni baada ya hapo. Na mweka amana naye ana adabu yake: hachungulii. Ukimwekea mtu mbuzi, kisha ukawa unapitapita uani kumtazama, umemwita mwizi.

"Bwana Shauri," akasema, mikono imekutana kifuani. "Mimi Mwinyijuma bin Kombo naiweka nafsi yangu amana kwako, wewe na kiti chako hicho. Mashahidi ni Sheikh Turki na karani Tadeo. Kama huiwezi, niambie sasa hivi."

Bwana Shauri akatazama saa ya ukutani. "Haya. Nimesikia. Serikali ipo."

Nje, chini ya ngazi, Turki akamshika mkono. "Hakukupokea, Mwinyi."

"Alikataa?"

"Hakukataa, lakini..."

"Basi."

"Yule hajui amana ni kitu gani."

Mwinyijuma akamtazama kwa masikitiko, kama vile Turki ndiye aliyehitaji kulindwa. "Mtu anatawala Tanga nzima na hajui amana? Angepataje usingizi?"

Kule nyumbani Mwanasiti alikuwa anasuka ukili wa mikeka. Aliposikia, mikono ikasimama.

"Umejiweka mwenyewe, Baba Asmahani? Kama mbuzi?"

"Mbuzi huwekwa kwa jirani. Mie nimewekwa kwa dola."

"Nafsi yako ina washirika. Mimi, na binti yako. Uliniuliza?"

"Ningekuuliza ungesemaje?"

Mwanasiti akafikiri. "Ningesema nenda," akakiri. Naye alikuwa mtu wa pwani.

"Basi kesho narudi njia ya shamba. Nikiendelea kujificha ufukweni nitakuwa namtukana Bwana Shauri, namwambia amana yangu kaipokea na kuitunza hawezi."

Adabu ile Mwanasiti aliijua tangu kwa mama yake. Alfajiri alimfungia tenga yeye mwenyewe, akakaza kamba, akamwambia apite salama.

Alipita salama kwa muda. Alianza mpaka kuimba njiani, na sauti yake, wanasema, ilikuwa ushahidi tosha wa ujasiri wa wasikilizaji. Akaandika tena: wakata mkonge wa shamba lile walipougua walifungiwa bandani wasionekane na daktari wa serikali aliyekuja kukagua. Akaweka jina, la baba yake, na kijiji.

Jumatatu iliyofuata wanawake wa Mabawa walitoka na mabakuli yao, wakangoja. Adhuhuri ikapita. Turki alikuwa anazungusha mashine. Akaiacha katikati, karatasi imening'inia. Mwinyijuma alikutwa na wanawake waliokwenda kuokota kuni, ndani ya mkonge, baiskeli juu yake. Samaki walikuwa wametapakaa mpaka barabarani. Mapanga yalikuwa yamefanya kazi yake hasa kwenye mkono wa kulia. Nzi walifika kabla ya serikali.

Serikali ilifika jioni. Ikapima barabara kwa kamba, ikamwuliza mwenye baiskeli kama ilikuwa na breki, na kwa kuwa mwenye baiskeli hakujibu, ikaandika ajali. Haji nyapara alikuwa amekwenda likizo kwao Ushongo, likizo ya ghafla. Hakufuatwa. Barabara ya Ushongo, walisema, ni mbaya.

Mwanasiti akakaa eda. Mjane wa eda hatoki. Miezi minne na siku kumi nyumba ndiyo dunia yake. Kwa hiyo hakuweza kwenda bomani kuuliza, wala hakuona haja. Mpokea amana ndiye anayekuja. Siku ya hitima aliagiza mkeka mpya, aliousuka mwenyewe, utandikwe karibu na mlango, asikae mtu.

"Wa nani?" akauliza Mzee Mselem, baba mdogo wa marehemu.

"Wa aliyepewa."

Watu wakasoma, mkeka ukakaa wazi.

Wakati wa kugawa chakula viatu vya askari vikasikika uani. Mwanasiti, nyuma ya pazia, akajiweka sawa ushungi. "Amekuja," akamwambia Asmahani. "Mwonyesheni mkeka. Mpeni maji kwanza, katoka mbali."

Askari akasimama mlangoni, kofia kichwani. "Nani mwenye kibali cha mkutano huu?"

Watu wakaendelea kupokezana sahani.

"Watu wamezidi. Mkutano wa watu wengi unataka kibali. Nani mwenyewe?"

"Mwenyewe tumemzika juzi," Mzee Mselem akasema. "Ukimhitaji, geti liko wazi siku hizi."

Askari hakuwa mtu mbaya. Alitazama sahani, akatazama watu, akaona haya, akaondoka. Lakini Asmahani alisema mama yake alibaki na mkono umenyooshwa, umeshika kata ya maji, mpaka akanyang'anywa.

Turki akaandika. Hakuandika tusi hata moja, yeye ambaye tusi lilikuwa chumvi yake. Alieleza tu Mwinyijuma alivyosimama mbele ya kile kiti, alichosema, alichojibiwa, na mahali alipokutwa. Kichwa kikawa: "Serikali Imepoteza Amana." Muuaji wa Mwinyijuma hakupatikana, kwa kukosekana ushahidi. Turki alipatikana Alhamisi ile ile, kwani ushahidi wake aliuchapa mwenyewe, tena kwa herufi za kusomeka. Uchochezi. Wakamfunga, wakachukua mashine, wakafuta kibali. Askari wengi walihitajika kuibeba ile mashine, ilikuwa nzito. Ndipo Mabawa ilipojua kwamba askari kumbe wapo.

Eda ilipokwisha Mwanasiti akajitanda kaniki, akapanda gari mpaka bomani. Kile kiti kilikuwa na mtu mwingine. Yule wa kwanza amekwenda kwao kupumzika.

"Mimi ni mgeni hapa, mama," akasema wa pili. "Sikupewa kitu chochote."

"Aliambiwa yeye na kiti. Kiti sicho hicho?"

"Hakuna aliyesikia jambo hilo."

"Nilisikia mimi, Bwana," Tadeo akasema kutoka mlangoni. "Nilikuwapo."

Hakuulizwa zaidi. Mwezi ule ule alihamishwa, akapelekwa bara kwenye mbung'o, kuhesabu ng'ombe waliobaki. Wabondei wakasema mtani amezika mtani mpaka mwisho.

Mwanasiti aliendelea kwenda. Hakwenda mara kwa mara. Kila aliposikia pale pamekaa bwana mpya alifunga safari, anakaa kibarazani na ukili wake mpaka aitwe. Kigombe walianza kumwonea huruma ile ya pembeni ya mdomo. Shoga yake Shamsiya alimwambia, "Achana nao, mwenzangu. Hata ukipewa, utapewa nini?"

"Sitaki kupewa. Nataka waseme."

"Maneno mawili matatu tu?"

"Hayo hayo."

Kwa nini aliyang'ang'ania sikujua, mpaka Asmahani, ambaye sasa ana watoto wake, aliponieleza. Ni kwamba tenga lilifungwa na mama yake. Kama amana haikupokelewa, basi alimfungia mumewe kamba na kumwambia aende katikati ya maadui bila mlinzi. Kama ilipokelewa ikapotea, hapo kosa lina mwenyewe. Alikuwa anaomba serikali ichukue kitu kile kutoka mikononi mwake, basi.

Mwaka wa hamsini na nane akampata wa tatu. Kijana, mashavu mekundu, ametoka chuoni kwao juzi. Huyu alimpa kiti, akaagiza chai, akamsikiliza bila kutazama saa. Akamwita mama kwa moyo, kadiri moyo unavyoweza kufika kutoka mbali kule.

"Unataka serikali ifanye nini, mama?"

"Iseme amana yangu imepotea mkononi mwake."

Yule kijana akasema anasikitika sana, yeye kama mtu. Mwanasiti akamwambia hakuja kwa mtu. Kijana akasema serikali haiwezi kukiri jambo ambalo halikuandikwa, na wakubwa wake Dar es Salaam, na sheria, na kadhalika. Chai ikapoa. Mwanasiti akainuka.

Kijana akatazama dirishani. "Jua linashuka, mama. Unarudi Kigombe peke yako? Njia ile ya mkonge si nzuri kwa mtu mmoja." Akafungua mlango, akaita. "Askari, mfikishe huyu mama mpaka kwake. Umwone anaingia ndani, ndipo urudi."

Alisema hivyo kwa wema mtupu. Hilo ndilo linalouma.

Wakapanda gari la Pangani, wakashuka njia panda, wakaingia kwenye mkonge kwa miguu, Mwanasiti mbele, askari nyuma. Alikuwa askari mdogo, mwenye maneno, viatu vikubwa kuliko yeye. Alisimulia habari za kwao, za mchumba anayemtaka mahari kubwa, za bwana huyu mpya alivyo mpole. Wakata mkonge waliokuwa wanarudi kambini waliona bunduki, wakasogea pembeni, wakaamkia. Hata nyapara mmoja alivua kofia.

"Shikamoo, mama," wakasema wote. "Shikamoo."

Walipofika pale alipokutwa mumewe, Mwanasiti hakusimama. Alipunguza mwendo tu.

"Umechoka?" akauliza askari.

"Hapana, mwanangu."

"Njia yenyewe fupi. Nilidhani ni mbali, walivyonitisha." Akahamisha bunduki bega. "Mtu mmoja anatosha kabisa kwa njia hii."

Mwanasiti akavuta kaniki mpaka usoni. Tangu siku ile ya tenga hakuna aliyemwona analia, si kwenye hitima, si ndani ya eda. Alilia pale, akitembea, bila sauti, na askari akadhani ni vumbi, akamwambia mama jifunike vizuri.

Nyumbani Asmahani alikuwa kibarazani. Askari akaomba maji. Mwanasiti akamletea mwenyewe, akasimama akimtazama anakunywa mpaka akamaliza, akapokea kata. Askari akamwambia aingie ndani, maana ameamriwa amwone akiingia. Akaingia. Askari akangoja mpaka komeo likasikika, akashika njia kurudi mjini.